Teke Unalobonyeza ni la Bruce Lee!

Washikaji wa gemu, leo nawachokoza. Yule Liu Kang wa Mortal Kombat, anayeruka teke huku akipiga ukelele kama paka aliyekanyagwa mkia, mnadhani katoka wapi? Itafuteni Enter the Dragon, filamu ya mwaka 1973. Kisiwa, mashindano ya kupigana, mwenyeji tajiri mwenye roho mbaya, na kijana wa Shaolin anayekwenda kumfuata hukohuko. Mortal Kombat ikatoka 1992 na kisiwa chake, na mwenyeji wake mbaya vilevile. Mnaona mambo hayo!

Fei Long wa Super Street Fighter II? Bruce mtupu. Marshall Law wa Tekken? Bruce huyohuyo, kabadilishwa jina.

Kinachouma ni kwamba jamaa alifariki Julai 20, 1973, Hong Kong, akiwa na miaka 32 tu. Filamu ilikuwa bado haijaingia kwenye majumba ya sinema.

Juzi dogo mmoja wa mtaani kwetu kaitazama mara ya kwanza, akaropoka: "Huyu kamuiga Liu Kang!" Nikamtajia mwaka. Kimya. Kisha akasema, "Braza, hebu rudisha mwanzo."