Kutoka kifuniko cha boksi la samaki hadi dhahabu ya Olimpiki: ngazi aliyoipanda Italo Ferreira

Baía Formosa ni mji mdogo wa wavuvi katika jimbo la Rio Grande do Norte, kaskazini mashariki mwa Brazil. Wakazi wake hawafiki 10,000. Mtu wa Ngomeni, Gazi au Kipini akishushwa pale hatajiona mgeni sana, maana ni watu wanaoishi kwa bahari na watoto wao wanakulia majini.

Huko ndiko alikozaliwa Italo Ferreira, tarehe 6 Mei 1994. Baba yake alikuwa mchuuzi wa samaki. Alinunua kwa wavuvi, akatia kwenye boksi la barafu, lile jeupe jepesi ambalo sote tunalijua, kisha akauza. Italo alipovutiwa na mchezo wa kuteleza kwenye mawimbi, nyumbani hapakuwa na ubao. Akachukua kifuniko cha boksi la baba yake, akaingia nacho baharini. Baadaye akawa anaazima mbao za binamu zake.

Mwaka 2019 mtoto huyo alikuwa bingwa wa dunia. Mwaka 2021 akawa mwanamume wa kwanza katika historia kushinda dhahabu ya Olimpiki katika mchezo huo. Kisa hiki hupendwa kwa sababu ya kile kifuniko. Lakini watoto walioteleza kwa vifuniko na vipande vya mbao ni wengi duniani, hata kwetu wapo. Kilichomtofautisha Italo ni kwamba alipotoka majini alikuta ngazi ya kupanda.

Ngazi yenyewe ikoje?

Kwanza tuelewe mchezo wenyewe unavyoamuliwa, kwa sababu mtazamaji mgeni huona watu wawili wakielea tu, wakingoja.

Wachezaji huingia majini kwa muda uliopangwa, mara nyingi nusu saa au zaidi kidogo. Kila wimbi analolipanda mchezaji hupewa alama kati ya 0 na 10. Katika mashindano ya juu majaji huwa watano. Alama ya juu kabisa na ya chini kabisa hufutwa, na zile tatu zinazobaki hutafutiwa wastani. Kwa mfano, majaji wakitoa 7.0, 7.5, 7.5, 8.0 na 9.0, ile 9.0 na ile 7.0 hutupwa, na mchezaji anapata 7.67. Mwisho wa muda, mawimbi yake mawili bora hujumlishwa. Kwa hivyo alama za juu kabisa ni 20.

Majaji hutazama ugumu wa alichojaribu mchezaji, ubunifu wake, namna alivyochanganya mitindo, na pia kasi, nguvu na utulivu wake. Halafu kuna kanuni ya zamu: mmoja huwa na haki ya kuchagua wimbi kwanza, na mwenzake akimwingilia huadhibiwa. Ndiyo maana mchezo huu unataka jicho. Kijana anayejua kusoma bahari, akajua lipi litafunguka na lipi litamfia mkononi, humshinda mwenye misuli mingi. Elimu hiyo haiuzwi dukani. Mtoto wa mvuvi huianza mapema.

Juu ya kanuni hizo ndipo ngazi inapojengwa. Chini kabisa kuna mashindano ya mtaa na ya watoto. Yanafuata ya vijana, kisha ya kanda ambako mchezaji hukusanya pointi. Wanaofanya vizuri katika kanda husonga mbele hadi mashindano ya mchujo ya kimataifa. Kileleni ndiko kuna msururu wa ubingwa wa dunia unaosimamiwa na World Surf League. Huko wanaume hawafiki 40, na wanawake ni wachache zaidi. Anayeshindwa kupata pointi za kutosha hurudishwa chini, akaanze upya.

Kila kidato ni gharama. Kuna nauli ya ndege, malazi, ada ya kuingia na mbao zinazovunjika. Hapo ndipo vipaji vingi vya maskini hukatikia. Italo alibahatika kuonekana angali mdogo na Luiz Campos, Mbrazili anayejulikana zaidi kwa jina la Pinga, ambaye kazi yake ilikuwa kutafuta vijana wenye kipaji na kuwaunganisha na wadhamini. Pinga huyo ndiye aliyemlea pia Adriano de Souza, kijana wa familia maskini ambaye ubao wake wa kwanza alinunuliwa na kaka yake kwa dola chache, na ambaye alikuja kuwa bingwa wa dunia mwaka 2015.

Brazil haikuwa na bingwa wa dunia wa kiume hata mmoja kabla ya Gabriel Medina kushinda mwaka 2014. Tangu hapo imewapata Medina, de Souza, Ferreira, Filipe Toledo na Yago Dora. Nchi haipati mabingwa watano kwa bahati nasibu. Walikuwapo watu waliokwenda ufuoni kuwatafuta watoto, wakapanga mashindano, wakawalipia nauli.

Samaki mkunje angali mbichi

Italo aliingia msururu wa ubingwa wa dunia mwaka 2015, akatajwa mchezaji chipukizi bora wa mwaka huo. Baada ya hapo mambo hayakuwa rahisi. Mwaka 2017 jeraha la kifundo cha mguu lilimweka nje ya baadhi ya mashindano. Mwaka 2018 alirudi na kushinda mara tatu: Bells Beach huko Australia, Keramas kisiwani Bali, na Peniche nchini Ureno.

Mwaka 2019 ulimpima kwa namna nyingine. Alitakiwa kushiriki mashindano ya dunia mjini Miyazaki, Japani, yaliyokuwa na uzito katika safari ya Olimpiki. Akiwa Marekani aliibiwa pasipoti. Alipopata nyingine, safari ikacheleweshwa na kimbunga. Alifika ufuoni wakati muda wa mchuano wake unaelekea kwisha, mbao zake hazijafika, yeye mwenyewe amevaa kaptura ya jinzi. Aliazima ubao wa Toledo, akakimbilia majini na nguo zile zile, akashinda mchuano. Siku chache baadaye akashinda mashindano yote.

Desemba mwaka huo huo, katika fainali ya Pipeline huko Hawaii, alikutana na Medina. Atakayeshinda fainali ile ndiye angekuwa bingwa wa dunia. Italo akashinda.

Julai 27, 2021, katika ufuo wa Tsurigasaki, Japani, ilichezwa fainali ya kwanza ya Olimpiki. Wimbi lake la kwanza tu, ubao ukavunjika. Akabadilisha, akaendelea, akamshinda Kanoa Igarashi wa Japani kwa 15.14 dhidi ya 6.60. Aliyeanza kwa kifuniko cha kuazima kwa baba hatishwi na ubao uliovunjika.

Na huku kwetu?

Pwani yetu haina mawimbi makubwa kila mahali, na sababu inajulikana. Miamba ya matumbawe inayokwenda sambamba na ufuo huvunja nguvu ya bahari kabla haijafika. Miamba hiyo ni baraka. Inalinda fuo zetu na kuwapa samaki makao. Lakini pale inapokatika, kama katika ghuba ya Malindi, mawimbi huingia, hasa msimu wa kusi. Kaskazi inapovuma, upepo wake huwafaa wanaoteleza kwa ubao unaovutwa na tiara kubwa, mchezo ambao Diani na Watamu zinajulikana nao.

Na Afrika haiko nje ya mchezo huu. Katika Olimpiki hiyo ya kwanza, Bianca Buitendag wa Afrika Kusini alitwaa medali ya fedha kwa wanawake, na Ramzi Boukhiam wa Moroko alikuwa miongoni mwa wanaume walioshiriki. Jeffreys Bay, Afrika Kusini, ni miongoni mwa fuo zinazosifiwa zaidi duniani kwa mchezo huu.

Sisemi kila mtoto wa Mayungu au Shela aache shule akafuate mawimbi. Hesabu yenyewe tumeiona: wanaume wasiofika 40 duniani kote. Mzazi anayemwambia mwanawe ashike kitabu kwanza ana haki kabisa. Lakini mzazi huyo huyo akumbuke kwamba ujuzi wa bahari una kazi nyingi nje ya ubingwa. Kuna waokoaji wa ufuoni, walimu wa kuogelea na wa kuteleza, waongozaji wa watalii, mafundi wa kutengeneza mbao. Wageni huja fuo zetu na kulipa pesa kufundishwa bahari hii hii. Swali ni nani anayewafundisha, na je, kijana wetu ndiye mwalimu au ndiye mbeba mizigo wa mwalimu?

Kidato cha kwanza hakihitaji mamilioni. Kinahitaji watoto wafundishwe kuogelea ipasavyo na kuokoana, wasichana pamoja na wavulana, kwa mavazi na mpangilio ambao wazazi wataridhika nao. Kinahitaji mbao chache zinazotumiwa kwa zamu, na mashindano madogo ya mtaa kila msimu wa kusi yenye majaji wanaojua kanuni. Hapo ndipo mwenye kipaji ataonekana. Asipokuwapo wa kumwona, atazeeka nacho.

Italo mwenyewe hakuusahau mji wake. Ameanzisha taasisi huko Baía Formosa inayowashughulikia watoto wa pale, ili anayekuja nyuma yake aikute ngazi mlangoni. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Watoto wetu wanacheza kwao kila siku, mbele ya macho yetu. Kazi ya kuwatunza ni ya wenye hoteli wanaoishi kwa fuo hizi, ya serikali za kaunti, na yetu sisi wazazi.