Vizibo Sita

Nilirudi darasani na shahada ya uzamili ya elimu ya awali, na mkobani mpango wa kurasa nne niliouchota kwenye tasnifu yangu: kona nne za ujifunzaji, vikundi vya watoto wanane wanane, saa nzima ya michezo kila asubuhi, mwalimu akizunguka na daftari lake. Katika shule ile ya kijijini, mkoani Simiyu, nilikuta watoto 96, chumba kimoja, na mwalimu ni mimi peke yangu.

Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, watoto walimiminika. Vyumba na walimu havikuongezeka kwa kasi hiyo. Mwongozo wa elimu ya awali unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25. Sera ya elimu ya mwaka 2014 iliifanya elimu hiyo kuwa ya lazima, nami nalishangilia hilo mpaka leo. Ila tuliwaita wageni kabla ya kutandika mkeka.

Wiki ya tatu kona zangu zilikuwa zimekufa. Ya sayansi ilikuwa chini ya dirisha lililo wazi, mvua ikaimaliza. Ya nyumbani ilivuta watoto thelathini kwa mpigo, wakakanyagana. Nikarudia kuimbisha: moja, mbili, tatu, sauti hadi ofisini. Nikasifiwa kwamba sasa darasa limetulia. Sifa ile iliniuma sana.

Asubuhi moja, uji ukiwa bado jikoni, nilichuchumaa karibu na mtoto aliyepanga vizibo sita vya soda mavumbini. Aliimba hadi kumi bila kukosea, kidole kikiruka vizibo viwili, kikirudia kimoja. Nikamwuliza viko vingapi. Akaimba tena hadi kumi. Kwa miezi miwili nilikuwa nimemwandikia “anaweza kuhesabu”. Binti aliyekaa karibu naye, mkubwa kidogo, akamshika kidole, akakigusisha kizibo kimoja kimoja huku akimweleza kwa Kisukuma, lugha nisiyoijua. Safari ya tatu mtoto akakomea sita, akainua macho kunitazama.

Mwanasaikolojia Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934, aliandika kwamba mtoto hufika mbali zaidi akishikwa mkono na mwenzake anayemzidi kidogo. Swali kuhusu hilo nililijibu kwenye mtihani nikapata alama nzuri. Sikuwa nimewahi kuliona jambo lenyewe likitokea. Hata hivyo siidharau shahada: bila hiyo ningedhani watoto wale wanacheza tu, nikawaamuru warudi kwenye mstari.

Nikaziacha kona. Nikawapanga wawili wawili, anayejua na anayeanza, kila jozi na vizibo vyake ndani ya mfuko. Daftari nikaligawa: watoto watano kwa siku, na kwa wiki nne za masomo nimemfikia kila mmoja. Kisha nikaenda jikoni kwa mama mpishi wa uji, nikamwomba anifundishe lugha ya watoto wake.

“Mwalimu wangu,” akasema huku akikoroga, “mbona hukuuliza tangu siku ya kwanza?”

Sikuwa na jibu. Chuoni nilijifunza kuwahoji wazazi kwa dodoso. Kukaa kwenye kigoda na kusahihishwa matamshi na mzazi sikuwahi kujaribu. Siku ambazo hakuna uji, saa nne haijafika watoto wameshalala juu ya vizibo, na yeye ndiye hunitajia nani hakula tangu jana.

Zile kurasa nne bado ninazo. Nyuma yake nimeandika maneno ya Kisukuma, na majina ya watoto watano wa kesho.