Kukiinua Kichwa Kilichoinama: Upasuaji wa Shingo Iliyopinda kwa Watu Wazima

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa takriban kilo 5, na mzigo huo wote hubebwa na pingili 7 za shingo. Pingili hizo zikipinda kuelekea mbele, misuli ya kisogo hulazimika kuvuta kichwa bila kupumzika. Maumivu huanza, na kwa baadhi ya wagonjwa kidevu hufikia kugusa kifua. Mtu wa hali hiyo humsalimu mgeni akitazama viatu vyake. Kumeza tonge humpa taabu, na kuvuka barabara humlazimu ageuze kiwiliwili kizima.

Visababishi ni vingi. Kwa wazee, mara nyingi ni kuchakaa kwa diski na viungo. Ugonjwa wa ankilosingi spondilaitisi hugandisha pingili hadi uti wa mgongo ukafanana na mwanzi mmoja. Kifua kikuu cha mifupa, ambacho bado kipo Afrika Mashariki, hula pingili na kuziporomosha. Wapo pia ambao shingo ilipinda baada ya upasuaji wa awali ulioondoa mfupa wa nyuma.

Si kila shingo iliyopinda hupasuliwa. Swali kuu ni hali ya ugwe wa neva upitao ndani ya pingili. Ugwe ukibanwa, mgonjwa hushindwa kufunga vifungo vya shati, mwandiko huharibika, mwendo huyumba, na baadaye mkojo humponyoka. Hapo kusubiri ni hatari, kwa maana upasuaji huzuia hali isizidi kwa uhakika zaidi kuliko unavyorejesha nguvu zilizopotea. Anayefika akitembea ana matumaini makubwa kuliko anayeletwa kwa kiti cha magurudumu. Kukandwa na kuvutwa shingo mitaani, jambo ambalo wengi huanza nalo, kwaweza kumpoozesha mtu wa namna hii.

Picha za eksirei, CT-Scan na MRI huonyesha kama mpindo bado unalegea. Ukinyooka mgonjwa anapolala chali, kazi ni nyepesi: diski huondolewa kwa njia ya mbele, kipande cha mfupa huwekwa mahali pake, na ikibidi skrubu na fito za chuma hufungwa kwa nyuma. Shingo iliyoganda hudai kukatwa mfupa wenyewe. Mwaka 1972 Edward Simmons wa Toronto alieleza namna alivyoifanya kazi hiyo mgonjwa akiwa ameketi, macho, kwa ganzi ya eneo tu, ili daktari ajue papo hapo kama mikono na miguu bado inatii. Alikata pale shingo inapokutana na kifua, kwa kuwa mfereji una nafasi na mishipa ya damu iendayo ubongoni kwa kawaida huingia kwenye pingili juu ya hapo. Siku hizi mgonjwa hulazwa kwa dawa ya usingizi, na mitambo hufuatilia mawimbi ya neva.

Lengo si shingo iliyonyooka kama mlingoti. Shingo iliyofungwa ikiinuliwa kupita kiasi, mwenyewe haoni sahani yake wala ngazi anayoshuka. Ndiyo maana daktari makini huacha mwinamo kidogo.

Madhara yapo na yasemwe waziwazi kabla ya saini: kumeza kwa shida, sauti kukwaruza, bega kulegea, maambukizi, mfupa kukataa kuunga, kupooza, hata kifo. Hatari huongezeka kwa mzee mwenye mifupa dhaifu na kwa mvutaji wa sigara, kwani sigara huzuia mfupa kuunga.

Wengi huketi na kusimama ndani ya siku chache. Chakula huwa laini mwanzoni, na kola ya shingo huvaliwa kwa muda atakaoamua daktari. Mfupa huchukua miezi kadhaa, pengine mwaka, kuunga sawasawa. Katika kipindi hicho mazoezi ya kutembea yanafaa. Kujitwika ndoo ya maji kichwani hakufai kabisa, na familia iambiwe mapema nani atayachota. Pingili zilizofungwa hazigeuki tena. Dereva atahitaji vioo vipana, na abiria wa kumwangalizia kisogoni anaporudi nyuma.