UCHACHU ULIO MWEMA: TOGWA, MTINDI NA KIVUNDE KWA AFYA YA TUMBO

Kwa wakulima wa Bagamoyo, Kaole, Zinga, Mapinga na pwani yote hata Bunju.

Mkulima, shamba likikupa mahindi, mtama na muhogo, kazi yako haijaisha. Iko hatua moja tena, kati ya ghala na kinywa cha mtoto, na katika hatua hiyo watoto wengi hupatwa na maradhi ya kuhara. Aliye katika hatari zaidi ni mtoto anayeanza kula, tangu miezi 6 hata miaka 2. Uji wake hupikwa asubuhi, ukakaa hata jioni katika joto letu la pwani, na vijidudu vya maradhi huongezeka upesi ndani yake. Katika karatasi hii twataka kukuonyesha jinsi uchachu, ambao wazee wetu waliujua tangu kale, uwezavyo kuwa mlinzi wa tumbo. Na pia mahali ambapo mlinzi huyo hana nguvu.

1. Kuchacha si kuoza

Watu wengi husema "kimechacha" kwa chakula chochote kilichogeuka ladha, kisha hukimwaga. Lakini yapasa kupambanua. Chakula kikioza, vijidudu vibaya vimekishinda. Kikichachuka vema, vijidudu vyema vimetangulia: hula sukari iliyomo katika nafaka au maziwa na kutoa asidi, ndiyo ule ukali unaousikia ulimini. Katika asidi hiyo vijidudu vingi viletavyo kuhara hudhoofika na kufa.

Neno hili limechunguzwa katika nchi yetu. Mwaka 1994 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa na Lorri na Svanberg vijijini Tanzania, nayo yalionyesha kuwa watoto waliolishwa uji uliochachuka waliugua kuhara kwa uchache kuliko wenzao wasiolishwa uji huo. Tena kuchachuka hupunguza kitu kilichomo katika nafaka kinachozuia mwili kupata madini ya chuma. Kwa hiyo chakula kile kile hujenga damu zaidi.

2. Namna ya kufanya kimea

Chukua mtama au ulezi safi, usio na ukungu. Uloweke katika maji safi usiku mmoja, uchuje, kisha uutandaze juu ya kitambaa safi na kuufunika. Uunyunyizie maji hata uchipue, siku 2 au 3, ndipo uuanike juani hata ukauke kabisa.

Kama ni mtama, pukusa na kupepeta machipukizi na mizizi yote kabla ya kusaga. Usipuuze jambo hili, kwa maana machipukizi ya mtama yana sumu ya namna ile iliyomo katika muhogo mchungu.

3. Namna ya kupika togwa ya mtoto

(a) Nawa mikono kwa sabuni, na vyombo vyote vioshwe kwa maji ya moto.

(b) Pika uji kwa kikombe 1 cha unga wa mahindi au mtama na maji vikombe 4 au 5. Uchemke vema hata uive.

(c) Uache upoe hata uwe vuguvugu, kiasi cha kidole safi kuweza kukaa ndani bila kuungua.

(d) Tia kijiko 1 kikubwa cha unga wa kimea, ukoroge. Uji mzito utalegea na kuwa mwepesi, ingawa unga wake haukupungua. Hii ni faida kubwa, kwa kuwa mtoto mwenye tumbo dogo hupata chakula kingi katika kikombe kimoja.

(e) Tia nusu kikombe ya togwa nzuri ya jana iwe chachu. Funika, uache hata siku ya pili.

Sasa angalia sana. Kimea hutiwa baada ya kupika, wala moto haukukigusa. Basi huenda kimeleta vijidudu kutoka jamvini au kinuni. Kwa hiyo usimpe mtoto togwa siku ile ile, ikingali tamu. Ngoja hata iwe kali vema. Ikisha kuwa kali, toa kwanza chachu ya kesho, kisha chemsha tena sehemu ya mtoto. Ukali haupotei kwa moto. Togwa ikikaa siku nyingi hugeuka kuwa pombe, nayo haimfai mtoto kamwe.

Togwa ni nyongeza ya maziwa ya mama. Mtoto asipewe kabla ya miezi 6, wala asiachishwe ziwa kwa ajili yake.

4. Maziwa na muhogo

Maziwa uliyonunua kwa wafugaji yachemshe kwanza, yapoe, ndipo uyatie mtindi kidogo yagande. Maziwa mabichi huweza kuleta kifua kikuu na homa ya kutupa mimba ya ng'ombe, nayo kuganda peke yake si kinga ya kutosha. Mtu ambaye maziwa matamu humjaza tumbo gesi, mara nyingi huweza kunywa mtindi bila taabu, kwa sababu vijidudu vyema vimekwisha kula sehemu ya sukari yake.

Muhogo mchungu umenye, uuloweke siku 3 hata 5 mpaka ulainike, kisha uuvunjevunje na kuuanika; ndicho kivunde, kitoacho unga mweupe wa bada. Kuloweka huko huondoa sehemu kubwa ya sumu. Walioharakisha kazi hii wakati wa njaa walipata hasara kubwa: katika Tarime mwaka 1985, na katika mkoa wa Mtwara miaka ya 2002 na 2003, watu walipooza miguu kwa ugonjwa uitwao konzo.

5. Yasiyoshindwa na uchachu

Usiupe uchachu kazi isiyo yake. Nafaka iliyoota ukungu haisafishwi kwa kuchachushwa. Sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kausha mahindi yako vema kabla mvua hazijayakuta, na yaliyoharibika uyatenge.

Wala togwa si badala ya choo na maji yaliyochemshwa. Mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kikaenea katika mikoa mingi. Mtoto akiharisha, mpe upesi dawa ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, itolewayo zahanati, na mama aendelee kumnyonyesha. Akiharisha damu, au macho yakiingia ndani, au akishindwa kunywa, mpeleke zahanati saa ile ile.

Basi, mavuno yajayo, kabla hujauza, tenga vibaba vichache vya mtama safi kwa ajili ya kimea. Gharama yake ni ndogo, na kazi yake yaweza kufanywa na kila nyumba. Anza na chungu kimoja. Na mama aliyezoea kuchachusha togwa vema amgawie jirani yake chachu.