Saruji Ishikayo Kijazo cha Kauri

Je, wajua kwamba kijazo cha kauri kitiwacho ndani ya gego na daktari wa meno wa Nyeri, Karatina au Nanyuki, ambacho rangi yake yafanana na jino hata aketiye mbele yako asikitambue, hakijishikilii chenyewe, bali hushikwa na utando wa saruji ambao, kwa kanuni za kimataifa, haufai kuzidi unene wa mikromita 50 unapopimwa? Kauri yenyewe aghalabu hudumu. Lipasalo kuulizwa ni iwapo utando huo utakuwa umeshika bado baada ya miaka kumi ya chai, mahindi ya kuchoma na mate.

Saruji ya zamani, ile ya fosfati ya zinki iliyotumiwa tangu karne ya 19, haikuungana na jino kwa kemia yoyote: ilijaza mianya na kuganda, kijazo kikashikwa kwa msuguano wa kuta mbili zilizokaribiana. Dhahabu iliridhika na hali hiyo. Kauri, ambayo ni ngumu lakini hupasuka isipoegemezwa barabara, haikuridhika. Mabadiliko yalikuja mwaka 1955, Michael Buonocore wa Rochester, Marekani, alipopaka enameli tindikali ya fosfori na kudhihirisha kwamba resini hushika vizuri zaidi juu ya enameli iliyolika kidogo kuliko juu ya ile laini.

Kazi hiyo ikitazamwa kwa karibu yapendeza. Daktari hulitenga jino kwa kipande chembamba cha mpira kilichotobolewa, ili mate yasilifikie. Hupaka tindikali, siku hizi yenye nguvu ya takriban asilimia 35, kwa sekunde 15 hadi 30. Huosha kwa maji, hukausha kwa hewa, na pale enameli ilipokuwa iking'aa hutokea weupe mkavu wa chaki. Weupe huo ni bishara njema, kwani hapo pana vishimo visivyoonekana kwa jicho, ambamo resini itapenya na kuganda. Tumbo la kijazo nalo huwa limekwisha kuliwa na tindikali ya haidrofloriki, iliyo hatari mno na isiyostahili kukaribia ulimi. Kisha saruji ya resini hugandishwa kwa taa ya buluu, na kwa kuwa mwanga hufifia chini ya kauri nene, saruji nyingi za kazi hii zaweza pia kuganda zenyewe kwa kemia yake. Mate yakigusa pale penye weupe kabla ya hapo, hapana budi kuosha na kupaka tindikali upya.

Enameli, ambayo takriban asilimia 96 ya uzito wake ni madini, huutunza mshiko huo kwa miaka mingi. Dentini iliyo chini yake ni ya tabia nyingine, maana ndani yake mna maji na nyuzi za kolajeni, na ingawa Nobuo Nakabayashi wa Tokyo alionyesha mwaka 1982 jinsi resini inavyojifuma baina ya nyuzi hizo, imedhihirika tangu hapo kwamba maji huivunjavunja resini polepole, na kwamba vimeng'enya vilivyomo katika dentini yenyewe huzila nyuzi zilizoachwa bila kufunikwa. Maabara huiga umri kwa kulichovya jino katika maji ya nyuzi joto 5 na ya nyuzi joto 55 kwa zamu. Mizunguko 10,000 hukisiwa kuwa sawa na mwaka mmoja wa kinywa. Katika majaribio ya namna hiyo, mshiko wa dentini hupungua upesi kuliko wa enameli, na ndiyo sababu ukingo wa kijazo wenye enameli pande zote una thamani kuliko chapa yoyote ya saruji.

Nyeri, iliyo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,750, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kila kikombe cha chai ya asubuhi ya Julai ni mzunguko mmoja wa jaribio hilo, kwa kuwa resini hutanuka kwa joto kuliko jino. Fauka ya hayo, baadhi ya visima vya miamba ya volkeno nchini Kenya hutoa maji yenye floridi nyingi, na meno yaliyokulia katika maji hayo, yenye madoa ya kahawia, huwa na tabaka la nje lisilolika kwa wepesi, hata yamlazimu daktari kulikwaruza kwanza au kurefusha muda wa tindikali.

Pale ambapo tundu limeshuka chini ya ufizi na enameli haipo tena, mimi naiheshimu saruji ya glasi-ionoma, waliyoibuni Alan Wilson na Brian Kent huko London mwishoni mwa miaka ya 1960. Hiyo huungana kikemia na kalsiamu ya jino, hustahimili unyevu kuliko resini, na ya aina ya asili haihitaji taa, kwa hiyo umeme ukikatika kazi huendelea. Ni dhaifu kuliko resini chini ya mtafuno mzito. Lakini ndiyo iliyotumika kuenezea mbinu ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono pekee, iliyoanzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliitia saruji hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu.

Kijazo kikibanduka kizima, kitiwe katika kichupa safi na kipelekwe kwa daktari pasipo kukawia, wala kisirudishwe kwa gundi ya dukani. Kama hakikupasuka na jino halikuoza chini yake, chaweza kusafishwa, kuandaliwa upya na kutiwa saruji mara ya pili.