Maji Yamo, Mtama Unanyauka

Shuka kutoka kwenye mawe ya matale ya Usukumani hadi bondeni, nawe utakanyaga udongo wa aina tatu kabla hujachoka. Juu ni luseni, kichanga chepesi. Katikati ni itogolo, ardhi ya kijivu inayokataa jembe. Chini ni mbuga, mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi hata mkono ukaingia kwenye ufa. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Amani, Usambara, aliuita mfuatano wa namna hii katena, yaani mnyororo, mwaka 1935. Wakulima walikuwa na majina yao tayari.

Baada ya manyunyu mawili matatu, mtama wa luseni huinua majani. Wa mbugani, penye udongo mnono, bado umejikunja. Kwa nini?

Chembe ya mchanga aghalabu ni kijiwe cha kwatzi. Maji huizunguka kwa utando mwembamba, mengine yote huteremka. Chembe ya mfinyanzi haifiki milimita 0.002, tena imejengwa kwa matabaka kama kurasa za kitabu. Katika smektaiti, madini yaliyojaa mbugani, maji hupenya hadi kati ya kurasa hizo, ndiyo maana mbuga huvimba ikinyeshewa. Ukizikunjua kurasa za gramu moja tu, utapata eneo la mita za mraba zipatazo 700, na kote huko maji yameng'ang'aniwa. Mzizi hauna nguvu ya kuyapokonya yote. Mmea unaponyauka kwenye kichanga, maji yamekwisha kweli. Kwenye mfinyanzi mzito, maji yanayofikia moja ya tano ya uzito wa udongo huweza kuwa bado yamo. Mvua ikiwa haba, mbuga hujinywesha yenyewe kwanza. Ikiwa nyingi, hapo luseni haioni ndani, maana akiba ya mbuga hudumu wiki nyingi.

Mbolea nayo hufuata njia hiyo. Uso wa mfinyanzi una chaji hasi, hivyo hushika kalsiamu na potasiamu. Kwenye luseni hakuna wa kuzishika, na naitreti huoshwa upesi zaidi. Mbolea ya huko itiwe kidogo kidogo, pamoja na samadi.

Itogolo ndiyo inayonisumbua moyo. Chota kidogo, tia katika chupa mbili za maji ya mvua, utikise. Mchanga hutua mara moja, lakini kesho yake maji bado ni kama ya kuoshea mchele. Sodiamu imezitawanya chembe za mfinyanzi. Shambani chembe hizo huziba vitundu vya udongo, maji yakatuama juu na chini kukabaki kukavu. Sasa tia jasi katika chupa moja na utikise tena. Kalsiamu yake huziunganisha chembe, zikaanguka, na maji yakatakata huku chupa ya pili ikibaki na tope.

Shambani jasi peke yake haitoshi: sodiamu lazima ioshwe ishuke chini ya mizizi, na maji hayo yapate pa kutokea. Wakulima wengi wamechagua njia ninayoiona ya busara. Wamejenga matuta wakayakinga maji yanayoteremka kutoka luseni, na itogolo ile isiyopitisha maji imekuwa sakafu ya majaruba ya mpunga.