Beki wa Barafu Aliyekosa Ulinzi

Wasikilizaji wetu, na ninyi mnaoyasoma maneno haya kitabuni, leo twataka kuwaeleza habari za kazi ya mtu mmoja wa Kanada, jina lake Bobby Orr. Mtu huyu alikuwa beki wa hoki ya barafu, mchezo ambao wengi wetu hatujauona kwa macho. Twamchagua kwa sababu mbili. Kwanza, aliigeuza kazi ya beki hata ikawa kama kazi nyingine. Pili, maisha yake yaonyesha kwamba mtu aweza kuwalinda wenzake kwa ustadi mkubwa, naye mwenyewe akakosa wa kumlinda.

Yafaa kwanza tuueleze mchezo wenyewe. Kule Kanada, wakati wa baridi, maji ya mito na maziwa huganda yakawa magumu kama sakafu, hata watu wakapita juu yake. Wachezaji huvaa viatu vyenye ubapa mwembamba wa chuma chini ya wayo, wakateleza kwa mbio kumpita mtu akimbiaye kwa miguu. Wale wanaolipwa kwa kucheza hucheza ndani ya jumba kubwa, ambamo barafu hugandishwa kwa mitambo. Uwanja wao una urefu wa futi 200 na upana wa futi 85, nao umezungukwa na ukuta mfupi. Hawatumii mpira wa duara, bali kisahani cha mpira mgumu, upana wake inchi 3 na unene wake inchi 1. Kisahani hicho husukumwa na kupigwa kwa fimbo iliyopinda mwishoni.

Kila upande huwa na watu sita uwanjani: mlinda mlango mmoja, mabeki wawili na washambuliaji watatu. Mchezo hugawanywa sehemu tatu, kila sehemu dakika 20. Mbio zake ni kali mno, hata mchezaji hukaa uwanjani muda usiozidi sana dakika moja, kisha hutoka kupumzika, akaingia mwenzake. Tena ni halali kumgonga kwa bega mtu mwenye kisahani. Basi msishangae kusikia kwamba wachezaji huumia mara nyingi.

Zamani mabeki wengi walikaa nyuma. Kazi yao ilikuwa kumzuia adui, kumnyang'anya kisahani, na kuwapa washambuliaji waende nacho mbele. Beki aliyeondoka mahali pake alihesabiwa kuwa mjinga, kwa maana akinyang'anywa kisahani huko mbele, lango lake hubaki wazi.

Bobby Orr alizaliwa tarehe 20 Machi 1948 katika mji mdogo wa Parry Sound, kando ya ghuba ya Ziwa Huron. Alijifunza kuteleza pamoja na watoto wenzake juu ya maji yaliyoganda. Mwaka 1962, alipokuwa na umri wa miaka 14 tu, klabu ya Boston Bruins ya Marekani ilimwandikisha. Wazazi wake walipewa fedha na gari, na klabu ikaahidi kuipiga lipu nyumba yao. Akacheza kwanza na vijana wa Oshawa Generals, na mwaka 1966, akiwa na miaka 18, akaingia katika timu kubwa ya Boston.

Timu hiyo ilikuwa dhaifu siku zile, na kombe kubwa la mchezo huo, liitwalo Stanley Cup, ilikuwa haijalitwaa tangu 1941. Orr hakukaa nyuma. Alipopata kisahani mbele ya lango lake, alikipeleka mwenyewe mpaka upande wa adui, akapiga au akampa mwenzake. Lakini kisahani kilipopotea, mbio zake zilimrudisha mahali pake kabla adui hajafika. Ndiyo siri yake: hakuuacha ulinzi, bali aliongeza shambulio juu ya ulinzi.

Matokeo yake yalionekana upesi. Katika msimu wa 1970–71 alifunga magoli 37, na kuwapa wenzake pasi za magoli 102. Jumla ni 139, na hakuna beki wa ligi ile ya NHL aliyezidi hesabu hiyo. Misimu miwili, ule ulioishia 1970 na ule ulioishia 1975, aliwashinda wachezaji wote wa ligi kwa hesabu ya magoli na pasi, pamoja na washambuliaji. Na tuzo ya beki bora aliipata misimu minane mfululizo, tangu 1968 hata 1975.

Tarehe 10 Mei 1970 Boston walikuwa wakipigania kombe na timu ya St. Louis. Muda wa kawaida uliisha magoli yakiwa sawa, wakaongezewa muda. Zilipopita sekunde 40, Orr, naye ni beki, akakizuia kisahani karibu na lango la adui, akampa mwenzake Derek Sanderson, kisha akakimbilia langoni. Sanderson akamrudishia, naye akafunga. Papo hapo beki wa adui akamkwatua kwa fimbo, akaruka hewani amenyosha mikono kwa furaha. Picha ya mruko ule ilienea pote, na mwaka 2010 sanamu yake ilisimamishwa nje ya uwanja wa Boston. Mwaka 1972 wakatwaa kombe mara ya pili.

Lakini sasa twafika kwenye upande wa huzuni. Ndani ya goti, kati ya mfupa na mfupa, mna gegedu, kitu laini kama mto, kizuiacho mifupa isisagane. Goti lake la kushoto liliharibika tangu ujana, na mwaka 1968 likapasuliwa. Siku zile waganga walilifungua goti na kuondoa gegedu iliyochanika. Maumivu hupungua, lakini mto haupo tena, na mifupa husagana kila mwaka zaidi. Alipasuliwa magoti zaidi ya mara 10. Kila mara alirudi uwanjani, na kila mara goti lilikuwa limepunguka nguvu.

Jambo la pili lilikuwa la karatasi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Orr aliziacha habari zote za fedha zake mikononi mwa wakili wake, Alan Eagleson, akimwamini kama ndugu. Mwaka 1976 Boston walikuwa tayari kumpa sehemu ya umiliki wa klabu, asilimia 18.5. Orr amesema kwamba hakuelezwa habari hiyo, akahamia Chicago. Huko, kwa sababu ya goti, alicheza michezo 26 tu, na mwezi wa Novemba 1978 akaacha kabisa, naye ana miaka 30. Alipohesabu mali yake, madeni na kodi zilikuwa karibu kuimaliza yote. Eagleson naye, mwaka 1998, alikiri makosa ya ulaghai mbele ya mahakama za Boston na Toronto. Makosa hayo yalikuwa ya mambo mengine, wala si ya mkataba ule, lakini yalihusu pia wachezaji wengine waliomwamini.

Mganga hajigangi. Mtu aliyelinda lango la Boston kwa miaka kumi hakuwa na mlinzi wa goti lake wala wa mkoba wake. Hata hivyo hakuvunjika moyo. Alilipa madeni kwa kazi, na katika miaka ya 1990 akawa wakala, akiwasimamia wachezaji vijana katika mikataba yao, wasipatwe na yaliyompata yeye.

Basi, ninyi wanafunzi mnaopenda michezo, na ninyi wazazi wao, fahamuni kwamba nguvu za mwili ni mali ya miaka michache. Goti linapouma, lipumzisheni. Na karatasi ikiletwa mtie sahihi, isomeni kwanza neno kwa neno, ijapokuwa aliyeileta ni rafiki.